Pale Wanaponyamaza

Tiketi niliinunua nikiwa na miguu miwili.
Elfu saba, safu ya nne, katikati.
Wiki ileile mvua ya Machi ikanisubiri
kwenye kizingiti cha jiko la mama mkwe, Rau,
nimebeba sufuria ya mtori.
Sufuria ilipona.

Basi nimekuja na hogo,
jeupe toka vidoleni hadi chini ya goti,
watoto wa dada wamelichora ng'ombe,
na magongo mawili ya kuazima
yaliyombeba marehemu baba yake Kandida.
Yananizidi kwa inchi moja,
kwa hiyo natembea kama mtu anayechungulia ukuta.

Ukumbi uko ghorofani, juu ya duka la mbolea,
mtaa wa nyuma ya stendi ya Moshi.
Ngazi ishirini na tatu. Mwaka jana
zilikuwa ngazi tu.

Ndekirwa, mkata tiketi, yupo chini kama kawaida
kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu,
sanduku la hela mapajani.
Anatazama hogo, ananitazama mimi.
"Karibu chamani. Wiki ngapi?"
"Sita."
"Mwanachama wa muda," anasema,
anaichana tiketi yangu vizuri, kwa kuifuata mistari.

Napanda kwa makalio, kinyumenyume,
kitenge kinafagia vumbi la mbolea.
Wifi yangu Nsia amekumbatia magongo kama kuni.
Vijana wawili wanasoma tangazo ukutani
kwa bidii ambayo tangazo halistahili.

Safu ya nne haiwezekani.
Nimewekewa kiti cha plastiki pembeni,
karibu na pazia wanakotokea wachezaji,
na ndoo ya rangi iliyofudikizwa, ya kuwekea mguu.
Kutoka hapa naona yasiyouzwa:
mfalme anatema bigijii kiganjani kabla ya kuingia,
anampa bibi harusi amshikie.

Onyesho la pili anaingia kiwete.
Gongo moja, na ameliweka upande wa mguu mbovu.
Hivyo mtu haendi hatua tatu.
Anayumba, ukumbi unapasuka kwa kicheko.
Mwaka jana, mchezo huuhuu, gongo upande uleule,
nilicheka hadi nikampiga Nsia bega.
Leo kwapa langu linawaka moto
na mdomo haujui ukae vipi.

Mwishoni wote wanasimama kupiga makofi.
Mimi naipigia makofi migongo.

Nashuka wa mwisho. Makalio yameshaijua njia.
Chini, Ndekirwa anafunga noti kwa mpira.
"Miaka sita," anasema, bila kuinua macho,
"sakafu yao ndiyo dari yangu.
Maneno ninayo yote. Mfalme leo karuka mistari miwili."
Kweli, aliruka.
"Lakini kuna pale mama anaposema,
rudisha ufunguo wa watu.
Pananyamaza. Muda mrefu, nahesabu hadi arobaini.
Kisha nasikia watu wanapenga kamasi.
Hivi, pale wanaponyamaza,
huwa wanafanya nini?"

Nakaa ngazi ya chini kabisa.
Hogo limelala kati yetu
kama mtoto niliyeachiwa na mtu.
Naanza kusema, naacha. Naanza tena:
yule kijana, unajua, hasemi, yeye...
Nafungua pochi, natoa ufunguo wa nyumba yangu,
nauweka kiganjani,
nashika pindo la kitenge
naufuta. Upande mmoja. Wa pili. Meno yake.
Naufuta kama vile kutu ndiyo kosa,
mkono wa kutoa uko tayari, na hautoi.

Nsia amesimama na magongo, hasemi kitu.
Juu wanafagia, maganda ya karanga
yanadondoka ngazi kwa ngazi.

Ndekirwa ameacha kuhesabu.
Anatazama vidole vyangu.
"Tena," anasema.